Wazee wa shule ya ufundi: waulizeni kazi, walimu watakuja wenyewe

Swali limetoka kwa msomaji wa Mafinga, mjumbe wa kamati ya wahitimu: "Tumeanza kukusanya kumbukumbu za wakongwe waliosoma shule ya Ifunda, hapa Iringa, tangu ilipokuwa shule ya ufundi stadi ya serikali ya kikoloni hadi miaka ya 1970. Tumeshawahoji wazee sita. Wote wanasema yale yale: walimu walikuwa wakali, nidhamu ilikuwepo, siku hizi hakuna kitu. Tunajua wana mengi kuliko hayo. Tunakosea wapi? Na sauti tulizorekodi tuzitunzeje?"

Wazee mliowachagua hawana kasoro. Kasoro iko kwenye swali la kwanza. Ukimwuliza mtu wa miaka themanini na kitu, "Mzee, walimu wenu walikuwaje?", umemwomba hukumu, naye anakupa hukumu. Hiyo ameshaitoa harusini, misibani na kwenye vikao vya wahitimu mara nyingi, mpaka imelainika kama mpini wa jembe kuukuu. Si kwamba anaficha. Hilo ndilo lililo juu, na wewe umeinama kuchota la juu.

Shule ya ufundi ina bahati ambayo shule nyingine hazina: mafunzo yake yaliingia mikononi. Mtu anaweza kusahau jina la mwalimu wa jiografia, lakini aliyesimamishwa mbele ya jiriwa, kile kibanio cha mezani, akiwa na miaka kumi na sita, akapiga tupa wiki nzima kwenye kipande kimoja cha chuma, mabega yake hayajasahau. Kwa hiyo anzeni na kazi. Ulizeni: "Kipande chako cha kwanza kilikuwa nini? Kilirudishwa mara ngapi? Kwa kosa gani?" Swali la kosa ndilo linalofungua mlango, kwa sababu mwalimu wa karakana alionekana hasa pale alipokataa kazi. Mzee ataanza kueleza kosa, na ndani ya maelezo hayo mwalimu atatokea mzima: alivyoshika skwea ya kupimia kona, alivyokielekeza kipande dirishani kutazama mwanga, alichosema, na kama alikitupa au alikirudisha mezani kimyakimya.

Ili swali hilo lizae, anayehoji lazima aijue kazi yenyewe kidogo. Hapa kamati nyingi huanguka: hutuma kijana anayejua kurekodi lakini hajui tofauti ya randa na patasi, na mzee huona hana haja ya kuingia ndani. Kijana akijua mambo machache ya kila fani, mzee humwona ni mtu wa kusemeshwa.

Kwa waliosomea ufundi chuma, ulizeni juu ya kimo cha jiriwa. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba sehemu ya juu ya meno ya jiriwa iwe sawa na kiwiko cha mfanyakazi: unaweka kiwiko juu ya jiriwa, ngumi inafika chini ya kidevu. Vijana warefu na wafupi walitumia meza moja, basi nani alisimama juu ya ubao, na nani aliinama? Ulizeni namna ya kusukuma tupa. Tupa hukata ikienda mbele tu. Anayeikandamiza wakati wa kurudi anaichosha bure. Uso wa chuma kuwa na mgongo badala ya kuwa bapa ndilo kosa la kila mwanafunzi wa mwanzo, kwa sababu mikono hupanda na kushuka kama mtu anayepiga kasia. Ulizeni pia kama walipaka chaki kwenye tupa, na kwa nini. Jibu la fundi ni kwamba chaki huzuia vumbi la chuma kunasa kwenye meno na kuchora mikwaruzo. Mzee akilitoa bila kufikiri, jueni kuna mwalimu aliyemfundisha hivyo, na swali la pili ni: "Nani alikuonyesha?"

Kwa waliosomea useremala, nendeni kwenye kunoa. Chuma cha randa husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha kinanolewa kwenye jiwe la mafuta kwa nyuzi 30 hivi, halafu ule wembe unaojikunja upande wa pili unaondolewa kwa kulaza mgongo wa chuma bapa kabisa juu ya jiwe. Anayeinua mgongo hata kidogo anaharibu makali. Kisha ulizeni viungo. Ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, kwa kawaida huwa theluthi moja ya unene wa mbao. Ukizidi, kuta za tundu hudhoofika, ukipungua, ulimi huvunjika. Kwenye mkia wa njiwa, kiungo cha meno yaliyopanuka kuelekea ncha, mteremko wa kawaida ni 1 kwa 6 kwa mbao laini na 1 kwa 8 kwa mbao ngumu. Muulizeni mzee alifundishwa upi na kwa mbao gani. Hapo mtapata kitu ambacho rekodi za ofisini hazina: mbao zilizofika karakanani, zilikotoka, na kama zilikuwa zimekauka. Mbao mbichi hunywea, na kiungo kilichobana Ijumaa kinalegea baada ya wiki chache. Mwanafunzi aliyekatiwa alama kwa kosa la mbao, si la mkono wake, hatasahau.

Waashi waulizeni kuhusu kupata kona ya mraba kwa kamba, tatu kwa nne kwa tano, na jengo gani la shule walilijenga wenyewe. Swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu kazi ya waashi bado imesimama. Mzee akisema, "Ukuta ule wa bweni tuliupandisha sisi," mpelekeni akauonyeshe, mpige picha kona anayoigusa, na muandike ni upande gani wa dira. Mafundi umeme, bomba na magari nao wana mlango wao: mashine ya kwanza waliyoruhusiwa kuifungua, na iliyokatazwa kuguswa.

Kuna mtu mmoja ambaye kamati hazimkumbuki kamwe: mtunza stoo. Katika karakana nyingi za mtindo ule, mwanafunzi alipewa visahani vya chuma au shaba vyenye namba yake. Akichukua kifaa, kisahani kinaning'inizwa mahali pa kifaa. Jioni msumari wenye kisahani ulimtaja mdaiwa bila kelele. Ulizeni kama kwenu ilikuwa hivyo, namba yake ilikuwa ngapi, na nini kilitokea kifaa kilipopotea. Wazee wengi hukumbuka namba hiyo haraka kuliko mwaka waliomaliza. Kama mtunza stoo, mpishi au dereva wa shule yuko hai, au mjane wake yuko hai, mwekeni juu kwenye orodha. Hao waliwaona walimu wakiwa hawafundishi.

Sasa suala la miaka, ambalo kwa Ifunda lina ugumu wake. Eneo lile wakati wa Vita Kuu ya Pili lilikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland, kama ilivyokuwa Kidugala kule Njombe na Tengeru kule Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikawa shule ya ufundi stadi ya serikali, na katika miaka ya 1960 ikageuzwa kuwa sekondari ya ufundi. Kwa hiyo "Ifunda" ya mzee mmoja si ya mwenzake. Wa kwanza aliingia kujifunza fani na kutoka nayo. Wa pili alikaa darasani na hesabu, fizikia na uchoraji wa kiufundi, akafanya mtihani wa kidato cha nne. Mkichanganya kumbukumbu zao bila kutaja kipindi, mtazalisha shule ambayo haijawahi kuwepo. Kabla ya yote, andikeni juu ya kila karatasi: aliingia lini, alitoka lini, fani gani, bweni gani.

Mzee asipojua mwaka, msimshindilie. Mpeni kigingi afunge kumbukumbu yake. Kwa Nyanda za Juu Kusini vigingi vizuri ni hivi: fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga, 1954; Uhuru, Desemba 1961; Muungano, Aprili 1964; shilingi ya Tanzania ilipoingia badala ya ile ya Afrika Mashariki, 1966; Azimio la Arusha, Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata; kuuawa kwa Dk. Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, siku ya Krismasi 1971. Ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Vita ya Kagera, 1978 na 1979. Muulizeni: "Fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudi, ulikuwa umeshaingia shuleni?" Jibu huwa la haraka na huwa la kweli. Swali la "mlikuwa mnafanya nini siku hiyo" litumieni kwa uangalifu kidogo: siku kubwa watu huzikumbuka kwa pamoja, na anaweza kukupa kumbukumbu ya redio akidhani ni yake. Kigingi kitumike kuhesabia, si kuthibitishia.

Vipimo navyo husema umri. Aliyefundishwa kwa inchi na sehemu zake, nusu, robo, thumuni mpaka 1/64, ni wa zamani kuliko aliyeanza na milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na hiyo 1/64 ni karibu milimita 0.4. Wapo waliokamatwa katikati, wakafundishwa kwa kipimo kimoja na kutahiniwa kwa kingine. Ukimpata mmoja wa hao, tulia naye; anakumbuka mabadiliko ya nchi kupitia rula yake.

Majina ya mahali yaandikeni kama mzee anavyoyasema, kisha muongeze ya leo pembeni. Akisema "jimbo", anasema Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo makao yake yalikuwa Mbeya na Iringa ilikuwa ndani yake. Akisema "Njombe, mkoa wa Iringa" hajakosea. Mkoa wa Njombe umeanza 2012.

Majina ya utani ya walimu ni hazina na ni mtego. Jina moja laweza kurithiwa: mwalimu anahama, anayekuja na tabia hiyohiyo anavikwa lile lile. Tengenezeni daftari moja lenye safu nne: jina la utani, jina halisi kama linajulikana, fani aliyofundisha, miaka ambayo msemaji alimwona kwa macho yake. Wasemaji wawili wakitofautiana fani au miaka, msiamue nani amekosea. Huenda ni watu wawili. Ulizeni pia jina hilo lilitoka lugha gani. Mengi ni Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, na maana yake hufafanua tabia kuliko sentensi kumi. Andikeni neno lenyewe kwanza, tafsiri baadaye.

Msianze na kikao cha kundi. Wazee wanne wakikaa pamoja, mmoja mwenye sauti ataiweka hadithi sawa, na wengine watatikisa kichwa kwa heshima. Baada ya hapo kila mmoja atasimulia toleo lile hata akiwa peke yake, na hakuna njia ya kulirudisha la kwanza. Mhojini kila mtu kivyake, nyumbani kwake. Kundi lije mwishoni kabisa, kwa kazi maalumu ya kutambua sura kwenye picha au kuchora ramani ya karakana kwenye karatasi kubwa: meza zilikaaje, madirisha upande gani, mwalimu alisimama wapi, mashine ya kukereza ilikuwa wapi. Ubishi unaotokea juu ya ramani unafaa, urekodini wote.

Siku ya mazungumzo, fikeni saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Juni na Julai baridi ya huku si ya kuchezea, na mzee anayetetemeka anataka mwisho ufike. Salimieni kwa utaratibu, shikamoo na kamwene, subirini habari za nyumbani ziishe. Simu ya kurekodia iwekeni kwenye hali ya ndege, juu ya kitenge kilichokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza, sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni mwake. Zimeni redio. Kuanzia Novemba hadi Aprili tazameni mawingu, kwa sababu mvua juu ya bati itafuta kila kitu na hakuna programu itakayorudisha maneno. Waliofanya kazi ya chuma na mashine miaka mingi mara nyingi masikio yao yamepungua. Ulizeni sikio lipi ni zima, kaeni upande huo, semeni taratibu kwa sauti nzito badala ya kupiga kelele.

Anzeni kurekodi kwa kutaja tarehe, mahali, jina la msemaji na la anayehoji, kisha idhini yake isikike kwa sauti yake mwenyewe. Saa moja inatosha, saa na robo ni nyingi. Akinyamaza, hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno, kwa sababu mara nyingi lililo zito huja baada ya kimya. Msimjazie jibu. "Alikuwa mkali, sivyo?" si swali. Na rudini baada ya wiki moja au mbili. Ziara ya pili ina thamani kuliko ya kwanza, maana katikati kumbukumbu zinaendelea kufunguka usiku, naye atakuwa amemuuliza mkewe, amefungua sanduku na kutoa cheti au daftari la michoro.

Kwenye maandishi, tenganisheni mambo matatu kwa alama pembeni: aliyoyatenda, aliyoyaona, aliyoyasikia. Mzee hadanganyi anapochanganya, lakini msomaji ana haki ya kujua. "Mwalimu yule aliondoka kwa sababu aligombana na mkuu" karibu kila mara ni la kusikia. Kisha linganisheni na karatasi: rejista ya kuandikisha wanafunzi, daftari la stoo, kitabu cha adhabu, picha za darasa zenye kibao cha mwaka. Nendeni shuleni na barua ya kamati kwa mkuu wa shule, pigeni picha palepale, wala msiombe kuazima. Vitabu vilivyoazimwa kwa ajili ya historia ndivyo vinavyopotea. Nyaraka za zamani za serikali zinaweza pia kuombwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kuna la viboko, na pengine mabaya zaidi ya viboko. Mtayasikia. Msiyalainishe na msiyafute kwenye rekodi mama. Lakini mwalimu anayetajwa ana watoto na wajukuu, pengine Iringa hapohapo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa kumbukumbu za namna hii. Kwa hiyo idhini iwe na ngazi tatu ambazo mzee anachagua: yasomwe na wote, yasomwe bila majina, au yafungwe mpaka tarehe atakayoitaja. Akisema "hili lisitoke", zimeni kwanza, ongeeni, muwashe tena akikubali. Na mzee akilia, simamisheni kazi, hata kama hadithi iko mahali pazuri.

Kuhusu utunzaji, msirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp wala kutumiana picha za zamani kwa njia hiyo, kwani sauti na picha hubanwa na hazirudi zilivyokuwa. Rekodini kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ya sauti ya njia moja (mono) kwa 44.1 kHz na biti 16 inachukua karibu megabaiti 320, basi pimeni nafasi ya simu kabla ya kuondoka. Kila faili lipate jina siku ileile: mwaka, mwezi, tarehe, jina la msemaji, namba ya kikao. Wekeni nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja mji mwingine kabisa, mathalani kwa mjumbe wa Mbeya. Flashi ni ya kusafirishia tu. Mara moja kwa mwaka zifungueni zote tatu mzisikilize. Picha ndogo za karatasi ziskanini kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi. Zilizogandishwa kwenye albamu msizibandue, zipigeni zikiwa pale, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini. Ya asili ibaki kwa mwenyewe.

Kunakili saa moja ya sauti kunachukua saa nne hadi sita za mtu makini. Wagawieni vijana, kila mmoja dakika ishirini, na pasiposikika waandike "haisikiki" na dakika yake badala ya kukisia. Kukisia jina la kifaa ndiko kunakoharibu zaidi: nimeona tayari namna "mahati" inavyoweza kugeuka "mahiti" kwenye karatasi, na kifaa cha seremala kikawa hakipo tena. Mtu wa fani apitie kila nakala kabla haijafungwa.

Kwa wale sita wa mwanzo, msitupe mlichorekodi. Rudini kwao kuanzia mwenye umri mkubwa na afya dhaifu. Bebeni kipande cha chuma cha kawaida chenye upande wa milimita 50 na unene wa milimita 10, tupa ya inchi 10 yenye mpini uliokaza, skwea ndogo na kipande cha chaki. Kwa seremala, randa na ubao mfupi. Viwekeni mezani bila kusema kitu, muwashe kinasa sauti, na msubiri mzee avishike.